Pengo Katikati ya Majina Mawili

Jumapili, 4 Mei

Mdogo wangu Sindano,

Mkunga alinikabidhi barua yako Alhamisi, ikiwa imekunjwa ndani ya glavu mpya kama bidhaa ya magendo. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Mshukuru kwa niaba yangu.

Hapa sote wazima. Wifi yako anakusalimu na anauliza shuka mnazoshona huko zinapigwa pindo la namna gani, maana za kwake zimeanza kufumuka.

Umeuliza kama jina lako limeondolewa kwenye mashine za mapokezi za kliniki. Nitakueleza mara moja ili upate usingizi. Unaijua mashine ile. Mtu anaingia, anaandika namba ya kadi ya familia, majina ya wanafamilia yanatokea, anagusa jina lake, anapewa namba ya foleni na tarehe yake ijayo. Skrini hiyo niliitengeneza mimi, tangu kitufe cha kwanza. Kadi yenu bado ina watu watatu, yaani shemeji, wewe na mama yake, kwa sababu kukuhamishia kadi yako mwenyewe kunataka saini ya mkuu wa familia, na mkuu wa familia ni yeye. Kwa hiyo mkunga ameweka alama ya siri kwenye faili lako, na mimi nimeandika kwamba mwenye alama hiyo asionekane.

Katika kazi hii hatuipi kompyuta amri moja moja, fanya hiki, ukimaliza fanya kile. Tunatangaza tu. Tunasema hapa pana safu, ndani ya safu pana kadi, ndani ya kadi pana jina, na jina lionekane iwapo sharti fulani ni kweli. Sharti likibadilika, skrini inajipanga yenyewe. Kwako sharti linasema hapana. Basi, huonekani.

Jambo jingine. Shemeji alipita ofisini Ijumaa. Usishtuke. Mwenye jengo alimwita kupima kioo cha dirisha la chini lililopasuka, naye akapanda ngazi kunisalimu. Amekonda. Hakukutaja hata mara moja. Aliuliza hasa mimi nafanya kazi gani, maana miaka yote amekuwa akiwaambia watu kwamba shemeji yake ni fundi kompyuta, bila kujua zaidi ya hapo. Nikamwonyesha mashine yetu ya majaribio, yenye familia ya kubuni, baba, mama na bibi. Nikamwekea mama alama ya siri, akapotea. Akaniuliza, "Mbona pamebaki pengo?" Nikamweleza kwamba nafasi tunaiacha makusudi, ili majina mengine yasiruke na kumchanganya mzee ambaye ameshanyoosha kidole. Akacheka. Akasema na kwao mafundi vioo ndivyo, kioo kizuri ni kile usichokiona mpaka ukigonge kwa pua. Ana jicho, yule bwana. Angefaa kazi yetu.

Najua mmeshindwana, na sitaki kujitia katikati. Ila nadhani hasira zake zimepoa. Wewe tunza afya. Nakuona kwenye mfumo umehudhuria kliniki zote, na ijayo ni tarehe 26, tawi la pili. Endelea hivyo hivyo.

Kaka yako


Ijumaa, 9 Mei

Kaka,

Mwambie wifi akunje kitambaa mara mbili kabla ya kushona, na asivute uzi. Hilo ndilo jibu jepesi kwenye barua hii.

Ulimwonyesha pengo.

Hebu soma tena ulichoniandikia. Alikuja kupima kioo, akaondoka anajua kwamba kwenye mashine zenu mtu aliyefichwa anaacha nafasi yake. Kadi ya familia iko kwenye pochi yake. Mama yake ana kliniki ya presha tawi kuu kila Jumatano, na anayempeleka ni yeye. Akiandika namba yetu ataona jina lake, halafu nafasi tupu, halafu jina la mama yake. Familia isiyo na mtu wa siri haina nafasi tupu. Kwa hiyo pengo lile linamwambia kwamba nipo, kwamba nimefichwa, na kwamba bado natibiwa hapa hapa. Kabla ya hapo huenda aliamini nimehamia mbali. Nilimwachia kila dalili ya kuamini hivyo.

Nilimwomba mkunga ajaribu. Jana aliwahi kazini kabla mapokezi hayajafunguliwa, akaandika namba ya kadi yetu. Pengo lilikuwepo, upana wa kidole. Mkunga akafanya jambo ambalo wewe na mimi hatukuliwaza. Aliligusa. Ukurasa wangu ukafunguka wote: jina, miezi ya ujauzito, tawi la pili, Jumatatu tarehe 26, saa nne asubuhi. Anasema aliufunga haraka, kisha akajikuta anapangusa skrini kwa mkono wa koti, kama mtu aliyemwaga kitu.

Unaniambia sionekani. Kaka, mimi nakaa chumba cha nyuma ya karakana ya mashuka, juu ya stoo ya marobota. Kina dirisha moja, nimelibandika gazeti. Nikitaka hewa nafungua mlango kidogo na kuweka mguu. Wenzangu wa cherehani wananijua kwa jina ambalo si langu. Huku nako sionekani. Lakini nipo, na mtu akiusukuma mlango atanikuta nimekaa kitandani. Kwenye kazi yenu hakuna namna ya kutofautisha aliyefichwa na asiyekuwepo?

Halafu unasema unaniona kwenye mfumo. Nani mwingine ananiona?

Sindano


Jumapili, 11 Mei

Mdogo wangu,

Jana nilikwenda tawi kuu mwenyewe nikajaribu. Ni kama ulivyosema.

Namna ya kutofautisha ipo. Mtu anaweza kufutika machoni kwa njia tatu. Unaweza kumfanya awe wazi kama kioo. Humwoni, lakini mahali pake pako pale pale, na ukimgusa anaitika. Unaweza kutangaza kwamba asionekane kabisa. Hapo wenzake wanasogeleana, pengo linaziba, ukigusa hapaitiki, ingawa yeye bado ameumbwa na yuko ndani akiwa na tarehe zake zote. Au unaweza kutomuumba. Nilitumia ya kwanza kwa ajili ya wazee na vidole vyao. Kugusa sikukufikiria, maana nani anagusa mahali pasipo na kitu?

Jana jioni niliihamishia kwenye ya pili. Mashine zote zimepokea. Pengo limezibika, na ukigusa katikati ya majina yale mawili hakuna kinachotokea. Nimegusa mpaka mlinzi akaniuliza kama mashine imekwama.

Hilo limekwisha. Nakuomba jambo dogo tu. Tarehe 26 usiende. Mwambie mkunga akutafutie siku nyingine. Hakuna sababu kubwa, ni vile tu mambo yatulie kidogo.

Wifi yako amekunja mara mbili na hakuvuta uzi. Pindo limetoka kama barabara ya milimani, lakini limeshika.

Kaka yako


Alhamisi, 15 Mei

Kaka,

Tangu tukiwa watoto, ukiwa na habari nzito unaitanguliza kwa neno dogo. Siku paka wetu alipokanyagwa na gari uliingia jikoni ukasema una jambo dogo. Unanificha nini?

Tarehe 26 haibadiliki. Mtoto amelala upande na presha yangu inapanda. Daktari wa kipimo cha picha anakuja tawi la pili Jumatatu moja tu kila mwezi, na kipimo hicho hakipo kwingine ninakoweza kufika. Mkunga amesema bila picha hawezi kujua kama nitajifungua kawaida au kwa kupasuliwa, na akibahatisha anaweza kutupoteza wote wawili. Hataki kubahatisha. Mimi pia sitaki abahatishe.

Kwa kuwa nakutaka ufunguke, nianze mimi. Mliambiwa nilianguka bafuni. Sikuanguka. Sikio langu la kushoto halisikii tangu mwezi wa tisa mwaka jana. Alinipiga kofi moja, kwa kiganja kizima, na hakuwa na hasira. Hilo ndilo nataka ulishike, kwa sababu umeandika kwamba hasira zake zimepoa. Hakuwa nazo. Alikuwa mezani anakula. Aliinuka, akanipiga, akarudi, akavuta kiti, akaendelea kula. Alipomaliza alirudisha kiti mahali pake, kama anavyofanya kila siku. Nilikwenda polisi, nikaambiwa nirudi nyumbani tukaelewane. Siku hizi nalala sikio la kulia likiwa juu, ili nisikie ngazi.

Sasa habari ya mapokezi. Mpokezi wa tawi la pili ni binti mwema sana, na wema wake unanitisha. Kwenye skrini ya meza yake jina langu linakuja na maandishi mekundu: siri, usimwambie mtu. Nimeyaona mwenyewe nikipita. Kila nikiingia kwa mlango wa nyuma ananitazama mimi, halafu anautazama mlango wa mbele, halafu ananitazama mimi tena. Akija mtu kuniulizia, mdomo wake hautasema kitu. Macho yake yatakwenda kwenye mlango wa chumba nilichomo. Hajui kudanganya, na hakuajiriwa kudanganya. Nani alimwambia kwamba nipo? Alikuwa na haja gani ya kujua?

Jibu kwa kunyoosha.

Sindano


Jumapili, 18 Mei

Sindano,

Jibu lililonyooka ni hili. Nikiwa bado tawi kuu Jumamosi ile, yule bwana alinipigia simu. Simwiti shemeji tena. Alinisalimu, akamuulizia wifi yako, akauliza kama nalijua tawi la pili, lina lango moja au mawili. Alisema amepata kazi huko ya kupima madirisha, Jumatatu tarehe 26, asubuhi. Nilimwambia sina hakika. Akasema, "Haya, nitaona mwenyewe."

Mama yake alikuwa na kliniki Jumatano tarehe 7. Mkunga aligusa pengo kesho yake. Kwa hiyo mkunga alichelewa, yule bwana alikuwa ameshaligusa.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza kuamini kwamba ni madirisha kweli. Juzi nilimuuliza msimamizi wa majengo wa kliniki. Hakuna dirisha linalopimwa tawi la pili, wala hakuna fundi aliyeitwa.

Habari ya sikio nimeisoma, na wifi yako ameisoma. Yeye alikwenda akafunga mlango wa mbele kwa komeo la juu, lile tusilolitumia, na tangu siku hiyo analifunga.

Sasa kazi. Swali lako la mpokezi ndilo nililopaswa kujiuliza mwanzoni. Kwenye kazi yetu kila jina lina mawanda yake, yaani eneo ambamo linajulikana. Ukilitangaza ndani ya chumba, linajulikana chumbani humo. Ukilitangaza juu kabisa, kwenye mzizi wa skrini, linajulikana na kila kilicho chini yake, kinacholihitaji na kisicholihitaji. Kutangaza juu ni raha. Hupati kazi ya kupitisha kitu mkono kwa mkono. Yeyote anayekitaka anakiita. Mimi niliitangaza familia nzima juu. Ndiyo sababu mashine ya mapokezi ilikujua, meza ya mpokezi ikakujua, dirisha la dawa likakujua, na mimi nikakujua nikiwa nimekaa ofisini kwangu na kikombe cha chai. Baada ya hapo kazi yote ya kukuficha ikawa kubandika gazeti, kila dirisha na gazeti lake. Dirisha moja tu nikilisahau, basi.

Nimebomoa. Wiki hii sikushika kazi nyingine, na bosi wangu anadhani natengeneza kalenda. Sasa hutangazwi juu. Unatangazwa ndani ya ukurasa wa mkunga peke yake. Anapoufungua kwa alama ya kidole chake, kadi yako inaumbwa, anapoufunga, inavunjwa. Nje ya ukurasa huo hakuna kadi iliyofichwa. Hakuna kadi. Mpokezi akitafuta jina lako, skrini itamwambia hakuna mtu huyo, bila wekundu, bila onyo. Hatahitaji kumdanganya mtu, atakuwa anasoma tu kilichoandikwa mbele yake.

Linalobaki ni moja. Mabadiliko makubwa kama haya yanaingia kwenye matawi kwa zamu, na zamu ya tawi la pili ni Jumapili tarehe 25 jioni. Siwezi kuisogeza bila kueleza sababu kwa watu wengi, na kila ninayemweleza ni mtu mwingine anayejua. Nikiwa nimekosea mahali, mashine itakataa kazi mpya na kurudisha ile ya zamani, pamoja na maandishi mekundu. Nimepatana na mkunga aangalie saa moja asubuhi, mapokezi yakiwa bado matupu. Akiyaona mekundu, hatakuja kukuchukua.

Najua maana yake kwa mtoto. Nimesoma kila mstari mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu.

Kaka yako


Jumatano, 28 Mei

Kaka,

Mkunga alikuja. Nilimsikia kwenye ngazi kabla hajabisha. Alisimama mlangoni, akasema, "Vaa viatu."

Tuliingia kwa nyuma. Mpokezi alikuwa anapanga mafaili. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa yeyote, akarudi kwenye mafaili yake. Hakutazama mlango wa mbele. Sijui kama ananikumbuka kwa sura. Mkunga alikuwa amenivisha koti la wafanyakazi wa usafi na kofia yake, na kunipa toroli la mashuka nisukume. Mengine niliyashona mimi.

Chumba cha kipimo kiko baada ya mapokezi, mkono wa kushoto. Mlango wake una kioo kile cha ukungu, mwanga unapita lakini huoni mtu, unaona kivuli. Nililala, daktari akanipaka dawa ya baridi tumboni, akaweka kile kidude. Mapigo ya moyo ya mtoto yakatoka kwenye spika, ya haraka, ya nguvu, chumba kizima kikajaa. Daktari akasema mtoto ameanza kugeuka mwenyewe. Nilikuwa nimelalia sikio la kushoto, kwa hiyo niliisikia vizuri sauti iliyosema habari za asubuhi huko mapokezi.

Mkunga hakuijua. Aliniona uso. Akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya spika mpaka ikazima.

Yule bwana alikuwa mpole kama alivyokuwa kwako. Alimwambia mpokezi amekuja kumwangalia mke wake, ana kliniki saa nne, amemletea koti kwa kuwa kuna baridi. Akataja namba ya kadi. Nilisikia vidole vya mpokezi kwenye vitufe. Binti akasema kadi hiyo ina watu wawili, mkuu wa familia na mama yake. Yeye akataja jina langu lote, la kuzaliwa na la ndoa. Vidole tena. Halafu mpokezi akasema, "Hayupo, kaka yangu. Labda ni tawi lingine." Alisema kwa sauti ya mtu anayesikitika kwamba umepanda ngazi bure. Najua yule bwana alikuwa anafanya nini baada ya hapo. Alikuwa anamtazama usoni. Binti akageuza skrini, nilisikia inavyokwaruza meza, akamwambia atazame mwenyewe.

Akaenda kwenye mashine ya mlangoni. Kila ukigusa kitufe inalia kidogo, unajua. Ililia alipoandika namba. Baada ya hapo haikulia tena, lakini hakuondoka. Mkunga alichungulia baadaye kwenye mashine. Kioo kilikuwa na alama za kidole kimoja, nyingi, mahali pamoja, kati ya jina lake na la mama yake.

Halafu akaja kwetu. Nadhani alitaka kusingizia kupima vioo, maana nilisikia utepe wake wa chuma ukivutwa. Kivuli kikajaa mlango. Akagonga kioo kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama anavyogonga kila kioo kujua unene wake. Daktari hakujua lolote la maisha yangu, lakini alikuwa ameutazama mkono wangu uliomshika koti, na akasema kwa sauti ya kukaripia kwamba kuna mgonjwa ndani, asubiri nje kama wengine. Kivuli kikasogea.

Alipofika mlangoni alimwambia mpokezi maneno ambayo ndiyo sababu ya barua hii. Alisema, "Mashine hii ameitengeneza shemeji yangu. Nitamuuliza yeye."

Akaaga. Nilisubiri na mapigo ya mtoto bila sauti, mstari tu unaoruka kwenye skrini, mpaka mkunga alipoona gari lake limeondoka.

Kaka, atakuja kwako. Atakuwa mpole, atakaa kwenye kile kiti cha wageni, atakuuliza na kukutazama. Na wewe ukiwa na jambo unasema dogo. Nakupenda, ila uso wako ni dirisha. Mpokezi alisalimika kwa sababu hakujua. Mimi nilisalimika kwa sababu yake. Aliyebaki anajua ni wewe.

Kwa hiyo leo nahama hapa. Sikuelezi ni wapi, wala kazi gani, wala mkunga hatakuletea tena glavu. Usijaribu kunitafuta kwenye mfumo. Kama una ufunguo wa kuufungua ukurasa wa mkunga, jiondolee, si kwa kujizuia kutazama, bali usiwe nao. Nikijifungua hutaambiwa. Hutaambiwa ni wa kike au wa kiume, wala kama tumetoka salama, kwa sababu furaha itaonekana usoni mwako, na msiba utaonekana.

Msalimie wifi. Lile komeo la juu aendelee nalo.

Sindano


Jumapili, 29 Juni

Mdogo wangu,

Ufunguo wangu nimeuondoa siku ile ile niliyopata barua yako. Sasa natengeneza mashine nisizoweza kuona kilichomo. Mara mbili nimejaribu kuingia ukurasa wa mkunga, mara ya kwanza kuhakikisha kazi yangu, mara ya pili sina cha kusingizia. Mara zote mbili skrini iliniambia hakuna mtu huyo. Niliandika mwenyewe maneno hayo.

Leo asubuhi nilimpelekea mkunga barua hii, bila mwisho wake, nikamwomba aifikishe. Aliniuliza ni ya nani. Nikataja jina lako. Akasema hamjui mtu huyo. Nilimtazama usoni, nikatafuta. Sikuona kitu. Kwa hiyo sijui kama anakuficha au kama kweli hakuna tena wa kumpelekea, na nilirudi nyumbani na bahasha mfukoni. Wifi yako ameacha kuniuliza. Anahesabu miezi kwenye vidole chini ya meza, anadhani simwoni.

Yule bwana alikuja. Alikuja Alhamisi ofisini, akiwa na ovaroli safi, akakaa kwenye kiti cha wageni kama ulivyosema. Alizungumza kuhusu bei ya vioo. Akasifu mashine. Akasema ameona pengo limeondolewa na kwamba kazi imetoka safi zaidi. Kisha akasogea mbele, akaweka mikono miwili juu ya meza yangu, karibu na yangu, akauliza.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Amejifungua?"

"Sijui."

Nilisikia sauti yangu ikisema, na ilikuwa sauti ya kawaida. Aliniangalia kwa muda, bila haraka, kama anavyoangalia kioo kabla hajakikata, akitafuta ufa. Nami nilimwangalia. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtu, na nilijua anauona woga huo, lakini nyuma ya woga hapakuwa na kitu cha kuona.

Akainuka. Akaniaga vizuri. Akarudisha kiti mahali pake, akakinyoosha na meza, akaondoka.

Kaka yako